Bahari Imeota Ukoga

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchota maji ya bahari, nimeombwa niwaandikie, nami nimekubali kwa sababu wengi wenu mnachota vibaya. Nimewaona. Juzi juzi nilikuwa nimesimama pwani ya Mbegani, nikamwona kijana mwenye fulana ya ofisi anatumbukiza chupa ubavuni mwa boti, karibu kabisa na mashine, huku anaongea na simu. Nikasema moyoni, huyu atawapelekea maabara mafuta ya mashine, nao wataandika kwamba bahari inaumwa.

Mimi naitwa Mwanaidi. Nimesoma hadi darasa la nne, na hilo la nne nililichungulia mlangoni. Ofisini niliingia kwa ufagio. Nimetoka nikiwa mchukua sampuli, mwenye jaketi la kuelea lililoandikwa jina langu mgongoni, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Wanaosema nilipendelewa waje tushindane kuchota.

Kazi yenyewe naieleza kwa wasioijua. Ndani ya maji kuna vijimea vidogo mno, jicho haliwezi kuviona mpaka viwe vingi vya kubadili rangi ya maji. Kwa kawaida havina neno, ndio chakula cha samaki. Lakini masika yakishusha tope la Ruvu, na mbolea za mashambani, na maji ya vyoo, kisha jua likawaka juu yake, vijimea hushiba vikazaana kama siafu. Vingine vina sumu. Kombe na chaza, wale wa magamba mawili, hujilisha navyo na wala hawaumwi. Anayeumwa ni mlaji. Midomo inakufa ganzi, kisha ulimi, kisha vidole, na ikizidi, pumzi.

Serikali haiwezi kuiosha bahari. Inachoweza ni kuichungulia mapema, kuwakataza watu kula inapobidi, na kuwabana wanaoelekeza uchafu wao mitoni. Hayo ya kubana wako wenye kofia zao. Mimi nilikuwa wa kuchungulia.

Aliyenifundisha ni Mzee Kombo, mwendesha boti wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza alinipa chupa, akasema, "Chota."

Nikachota. Akamwaga.

"Chota."

Nikachota tena, vizuri zaidi kwa jinsi nilivyoona mwenyewe. Akamwaga tena.

"Mzee Kombo, umeniajiri au unamwagilia bahari?"

"Maji hayana fitina, Mwanaidi. Fitina iko kwenye chupa. Umeisuuza kwa maji ya wapi?"

"Ya bombani. Na sabuni. Inang'aa."

"Basi utawapelekea watu wa maabara sabuni. Suuza kwa maji ya hapa hapa unapochota. Iweke mbele ya boti, mdomo uelekee kule maji yanakotoka. Mkono usitangulie chupa. Na jina uliandike kabla chupa haijalowa, kwa penseli, maana wino wa kalamu unaogopa maji kuliko paka."

Hayo yote bado ni kweli. Siku hizi mna picha za setilaiti, mnaitazama rangi ya bahari mkiwa mmekaa na kahawa, na mnatumiana kwenye simu kabla boti halijawashwa. Vizuri. Sina ugomvi na setilaiti. Lakini setilaiti itakwambia maji yamebadilika rangi, haitakwambia ni tope au ni sumu. Lazima mtu alowe. Sasa kama mwenye kulowa ni wewe, lowa kwa adabu.

Nikisema hivyo msidhani Mzee Kombo alikuwa malaika. Tulikuwa na wavu wa kukusanyia vile vijimea, mfuko wa kitambaa laini kuliko shela ya bibi harusi, mdomo mpana, mkia mwembamba, na kichupa kimefungwa mwishoni. Unauburuta nyuma ya boti polepole, maji yanapita, vijimea vinabaki. Wavu ule uliagizwa kutoka mbali na tulikuwa nao mmoja tu. Ofisini maji ya bomba yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo Mzee Kombo akawa anakwenda kuusuuza nyumbani kwake na kuuanika kwenye kamba ya nguo.

Maabara wakaanza kutupigia simu. Sampuli zenu zina mafuta, yanaelea juu, hatujapata kuyaona mafuta ya namna hii. Mzee Kombo akawaka kwa hasira. Akasema ni meli zinazopita, akasema ni hoteli, akasema wenye meli washitakiwe. Tukazunguka pwani nzima tukitafuta mafuta na hatukuyaona. Mpaka asubuhi moja, tukiwa tumeshaingia kwenye boti, akauleta ule wavu puani. Kisha akanisogezea.

"Mwanaidi, hebu nusa."

Nikanusa. "Nazi."

"Nyamaza."

Tukarudi nchi kavu, tukaenda moja kwa moja kwake. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa jikoni na wageni wake, hana hata habari. Kumbe kifumbu chake cha kukamulia nazi, kinachopitisha tui na kubakiza machicha, kilikuwa kimetoboka, na yeye akaona kitambaa kizuri kinaning'inia kambani hakina kazi.

"Zuhura, umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Tui linashuka jeupe, halina hata punje ya chicha. Kombo, serikali ina vifumbu vizuri namna hii, mmevificha miaka yote hii?"

Mzee Kombo hakuuanika tena wavu pale, na kesho yake akamnunulia mkewe kifumbu kipya. Kesi ya meli haikutajwa tena. Mimi nilicheka mwezi mzima, lakini jambo lile lilinikaa kichwani, nanyi mtaona lilikuja kunifaa wapi.

Msidhani tena kazi hii ni ya maji ya chumvi peke yake. Wakati mwingine tulipelekwa bara. Mara moja nilikwenda na afisa wetu mpya, binti aitwaye Neema, mtu wa kutoka huko juu kwenye baridi, msomi kweli kweli, mwenye adabu, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kama pasi imepita. Tulikwenda kwenye lambo moja mbele ya Lugoba. Maji yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijani, mzito, ungedhani mtu kamwaga rangi ya mlango. Tukamkuta mzee mmoja Mkwere na mbuzi wake. Mbuzi wamelipa lambo mgongo.

"Shikamoo mzee," Neema akasema. "Mbona mbuzi hawanywi?"

"Marahaba. Ninyi ndio serikali?"

"Ndio sisi."

"Lambo limeota ukoga. Mbuzi hanywi ukoga."

"Ukoga ni nini, mzee?"

Yule mzee akamtazama mdomoni, kisha akanitazama mimi kama anayeuliza huyu mtoto ni wa nani. "Binti yangu, wewe hupigi mswaki?"

Neema alicheka hadi akashika magoti. Tukachota, na majibu yalipotoka ilikuwa kweli, maji yale yalikuwa na sumu ya kuua ng'ombe. Tukapeleka bango la tahadhari. Tulipofika, tukakuta wenyewe wameshazungushia lambo miiba, na bango letu wakaliegemeza kwenye miiba ile ile. Nikasema, tazama, kazi imekuwa nyepesi. Sikujiuliza kwa nini imekuwa nyepesi.

Jibu nililipata pwani, na halikuja kwa upole.

Mwaka huo masika yalikuwa mazito, kisha jua likachomoza kali ghafla. Kusini ya Mbegani, mbele ya kijiji chetu, maji yakageuka rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Tulichota, tukaburuta wavu, tukachukua na kombe wa pale tukawafunga kwenye barafu. Maabara hawakuchelewa. Kombe wana sumu. Neema akaandika ripoti yake vizuri, kombe na chaza, mahali fulani hadi mahali fulani, wasiokotwe. Ripoti ikapita meza kadhaa huko juu. Ilipotuteremkia ikiwa tangazo, ilisema hivi: wananchi wanatangaziwa kwamba kumetokea mlipuko wa mwani wenye sumu katika ukanda wa pwani, na wanatahadharishwa kuepuka matumizi ya mazao ya bahari yanayohusika hadi watakapotangaziwa vinginevyo.

Ninyi wasomi mtaniambia ni sahihi. Kitabuni vile vijimea vinaitwa mwani. Najua. Neema alinionyesha. Lakini kijijini kwetu mwani ni kitu kimoja. Ni ule wanawake wanaoufunga kwenye kamba baharini, wanauvuna, wanauanika kwenye maturubai, wanauuza kwa wakala, unakwenda nchi za watu.

Tangazo likapewa Sefu Spika. Huyu alikuwa na gari lenye vipaza sauti viwili juu, na alitangaza kila kitu kwa sauti ile ile ya kubembea: chanjo, mkutano wa hadhara, mbuzi aliyepotea, maulidi. Alikizunguka kijiji chetu siku nzima. Mwani wenye sumu, mwani wenye sumu.

Watu walicheka. Nani anakula mwani? Sisi tunaulima mwani kama wenzetu wa bara walivyolima mkonge. Unauza, huutafuni. Kwa hiyo wanawake wakachukua ndoo zao na kwenda kuokota kombe kwa roho safi kabisa, kwa kuwa sumu imetajwa na kombe hakutajwa. Aliyelisikia tangazo vibaya zaidi alikuwa wakala wa mwani. Alikuwa ameshafungua bodi la lori lake apakie. Spika ilipopita, akafunga bodi, akaondoka, na magunia ya wanawake yakabaki mlangoni mwa ghala.

Sasa mwenyekiti wa wanawake wale wa mwani ni dada yangu wa tumbo moja, Mwanahawa. Ninyi hamumjui. Mkitaka kumjua, chukueni mimi, ongezeni urefu, punguzeni subira.

Niliposikia habari ya lori, nikamwambia Neema twende. Neema akasema tusubiri ofisi itoe ufafanuzi. Nikamwambia kesho asubuhi ni bamvua. Yeye hakujua bamvua, nikamweleza. Ni siku ambazo bahari inajaa sana na kupwa sana, maji yanakimbia mbali, na kila mwanamke mwenye miguu anateremka pwani kuokota. Kombe wa mwezi mzima huokotwa siku hizo. Neema akachukua mkoba wake, hakusema tena neno la kusubiri.

Tulimkuta dada uani, amechutama juu ya turubai, anageuza mwani kwa mikono miwili. Pembeni, kivulini, kulikuwa na ndoo.

"Shikamoo mama," Neema akasema.

Dada yangu hakuitikia. Kwetu sisi, mtu mzima kuinyamazia shikamoo ni kama kukufungia mlango ukiwa umeshaingia ndani.

"Dada, mtoto amekusalimia."

"Nimemsikia. Na jana nilimsikia pia, kwa spika. Mwani wangu una sumu."

"Si mwani wako."

"Mwani wa nani basi? Kuna mwingine anayelima mwani hapa? Ngedere?"

Neema akachutama naye, sketi yake ikaingia kwenye mwani mbichi, hakujali. "Mama, huu ni mwani mwingine, mdogo sana. Hauonekani kwa macho."

"Hauonekani."

"Ndiyo mama."

"Na wakala aliuonaje mpaka akakimbia?"

Hapo nilitaka kucheka, nikajizuia. Dada akaendelea kugeuza. "Mtoto wa tumbo moja na mimi yuko kwenye ofisi hiyo. Anakula mshahara kwa kuniharibia jina. Haya. Mimi mwani sijapata kuula, wala leo siuli. Nina kombe wangu pale, nikimaliza hapa nawatia chunguni."

Ndipo nikaiangalia ile ndoo. Kombe wamelowekwa wateme mchanga, wamefunguka kidogo, wamejaa hadi ukingoni.

"Kombe wa nani hao?"

"Wa Rehema."

Rehema ni binti yake. Alikuwa amejifungua wiki ile, yuko chumbani pale pale, dirisha liko wazi, tunamsikia anambembeleza mtoto. Maziwa yalikuwa hayajashuka vizuri, na kwetu mzazi wa namna hiyo hupewa supu ya kombe, bakuli kwa bakuli.

"Umemwokotea wapi?"

"Pale mbele. Asubuhi hii."

Mbele pale ndipo tulipochota sisi. Neema akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hao ndio wenye sumu. Kombe ndio wenye sumu."

"Jana mwani, leo kombe. Kesho mtasema chumvi."

"Mama, naapa."

"Usiape kwangu. Spika yenu haikusema kombe. Na hata kama wana kitu, nitawachemsha mpaka wakome."

Na mimi niwaambieni ukweli, miaka yote nilikuwa naamini hivyo hivyo. Moto na ndimu na pilipili, ni mdudu gani atakayebaki hapo? Neema ndiye aliyenizindua, mbele ya dada yangu. "Hii haifi kwa moto, mama. Ukichemsha, inahamia kwenye mchuzi. Na Rehema ndiye atakayekunywa mchuzi."

Dada akaacha kugeuza. "Binti, una mtoto?"

"Sina, mama."

"Basi usinifundishe kulea mzazi."

Akasimama, akaiendea ile ndoo. Neema akanitazama. Ana maneno mengi huyu msichana, lakini yote yalikuwa ya upande ule, na dada yangu yuko upande huu. Nami nikaona ukutani, mlangoni mwa jiko, kifumbu kinaning'inia.

Nikamkumbuka yule mzee wa lambo na neno lake, nikakitungua.

"Mwanahawa, nisikilize. Sahau mwani. Bahari imeota ukoga."

Akageuka na ndoo mkononi. "Nini?"

"Ukoga. Huo huo wa meno. Hukuyaona maji yalivyo? Rangi gani ile?"

"Machafu. Masika si yamepita."

"Tope la masika hutulia chini. Hili limetulia?"

Akafikiri. Yeye yuko majini kila siku ya kupwa, hakuna wa kumdanganya juu ya maji. "Halijatulia," akasema.

"Ni ukoga. Sasa niambie wewe unayewajua. Kombe anakula nini? Ana meno? Anawinda?"

"Anafungua mdomo tu. Anavuta maji, anatema maji."

"Kutwa kucha?"

"Kutwa kucha."

Nikakinyanyua kifumbu. "Maji yanaingia, maji yanatoka. Yeye anabaki na nini?"

Dada yangu amekamua nazi tangu ana miaka ya kushika mbuzi ya kukunia. Alikitazama kile kifumbu, akaitazama ndoo. Ndani, mtoto wa Rehema akaanza kulia, na Rehema akaita, "Mama, supu tayari?"

"Machicha," dada akasema.

"Enhe."

"Amejaa machicha ya ukoga."

"Hao ndio unaotaka kumpikia Rehema."

Kisha akaniuliza jambo ambalo hata Neema hakulitarajia. "Na mwani wangu? Nao si uko kwenye maji hayo hayo?"

Hilo nikamwachia mwenye elimu yake. Neema akasema, "Mwani hauna mdomo, mama. Hauchuji maji. Hatukuukataza mwani wako, na nitalisema hilo kijiji kizima kinisikie, na wakala nitampigia mwenyewe."

Dada akaichukua ndoo, akazunguka nyuma ya banda. Tukasikia jembe. Aliwafukia wale kombe chini sana, asije paka akawafukua, kisha akakanyaga udongo kwa miguu yote miwili. Aliporudi alikuwa anapangusa mikono kwenye kanga. Akapita mbele yangu kama sipo, akasimama mbele ya Neema.

"Marahaba," akasema.

Neema akainamisha kichwa. Nadhani alilia kidogo, lakini kulikuwa na chumvi nyingi ya mwani hapo, sitasema zaidi.

Rehema alipikiwa uji wa pilipili manga, akanung'unika, akaunywa.

Lakini kijiji kina akina Rehema wengi, na bamvua ilikuwa kesho yake asubuhi. Neema akawapigia simu wakubwa pale pale uani. Nilikuwa karibu, nilisikia. Tangazo halibadilishwi mpaka lipitishwe upya, na wapitishaji wako safarini. Akauliza, kulibadilisha sitalibadilisha, je, naweza kulifafanua? Upande wa pili wakasema kufafanua ni sehemu ya elimu kwa umma. Akasema asante na akakata haraka sana, kabla hawajafikiri.

Tukamtafuta Sefu. Jua lilikuwa bado liko juu. Tukamwambia, wewe soma tangazo lako kama lilivyo, usiache hata nukta, ukimaliza mpe spika Bi Mwanahawa.

Sefu akakishika kile kipaza sauti kifuani. "Mama Mwenyekiti, hiki chombo hakijazoea wanawake."

"Kitazoea," dada akasema. "Sogea."

Akapanda mbele. Sefu akasoma yale ya mwani na mazao yanayohusika kwa ile sauti yake ya kubembea. Kisha ikaja sauti ya dada yangu, haibembei hata kidogo.

"Enyi wanawake wenzangu. Ni mimi Mwanahawa. Hayo mliyosikia ni ya karatasi, sasa sikilizeni ya kwangu. Mwani wetu mzima, hauna kitu. Bahari imeota ukoga. Kombe anauchuja kama kifumbu, maji anatema, machicha anabaki nayo. Mla kombe leo anakula machicha ya ukoga, na moto hauyaui. Mimi nilikuwa na ndoo nzima ya mzazi wangu Rehema, nimeifukia. Anayetaka ushahidi aje nimwonyeshe kaburi."

Walizunguka hivyo kijiji chote, Sefu na karatasi, dada na ufafanuzi. Mtaa wa tatu nikamsikia Sefu naye amechomekea: "Machicha, wananchi, machicha."

Asubuhi ya bamvua mimi na Neema tulikuwa pwani kabla ya watu. Tulikuwa tumeazima vijiti vya mashamba ya mwani, tukavifunga vitambaa vyekundu na kuvichomeka kukatisha lile fungu la mchanga lenye kombe. Maji yakakimbia kama yalivyozoea, mchanga ukabaki wazi, kombe wamejaa tele wanatemea hewani. Wanawake wakaja. Wengi walikuja na kamba za mwani mabegani, wakakata kushoto kwenye mashamba yao. Wachache walikuja na ndoo, wakasimama kwenye vijiti. Bibi mmoja aliyetangulia mno kuzaliwa alisema amekula kombe tangu mkoloni na hakufa.

Dada akamwambia, "Bibi, tangu mkoloni ulikuwa unapika kwa tui au kwa machicha?"

"Kwa tui."

"Basi usianze leo."

Yule bibi akaitazama ndoo yake kwa hasira, akaigeuza juu chini, akaikalia. Alikaa pale mpaka maji yakarudi, anatulinda sisi au anatuvizia, mpaka leo sijui. Kombe hawakuokotwa.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyetoka safarini bila kusikia lolote, akanunua kombe wa jana yake barabarani. Midomo ikafa ganzi, akakimbizwa hospitali, akapona. Alipotoka akawa tangazo linalotembea, anawashikisha watu midomo yake. Wakala alirudi maji yaliposafika. Dada akamwambia wapakizi wote wanaumwa mgongo, apakie mwenyewe. Akapakia.

Kwa hiyo ninyi vijana, nimewaeleza habari ya chupa, nimewaeleza habari ya wavu, msiuanike nyumbani. Lakini sampuli nzuri kuliko zote ikifika pwani kwa neno baya, ni sawa na kuimwaga. Maji ya chai yatarudi. Masika yanakuja kila mwaka na mashamba ya juu mtoni yanazidi, kwa hiyo mtachota, mtatangaza, mtapumzika kidogo, mtachota tena. Msichoke. Mimi sikuchoka na nilianza na ufagio.

Mwezi uliopita alinijia kijana wa ofisini, mpya, ana bango limetengenezwa vizuri sana, picha ya rangi, maandishi manene. Nikalisoma juu juu. Mwani hatarishi, limeandikwa. Akaniuliza kama naona kosa lolote kabla hajalibandika kijijini.

Nikamwambia mimi macho yangu yamechoka, apeleke kwa dada yangu, nyumba ya pili baada ya ghala la mwani, amwamkie kwanza. "Akikuitikia, msomee," nikamwambia. "Ukitoka kwake na karatasi ikiwa bado nzima, kabandike."